Krenki ya Mtani

Bigwa, Morogoro
Jumatano, baada ya sala ya alasiri

Kwa mdogo wangu Mwanvita,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mvua zilipopungua huko Mkuyuni. Mimi ni mzima wa mwili. Wifi yako naye hajambo, ila analalamika kwamba nimeacha kula chakula cha usiku, nami humjibu kwamba mtu wa umri wangu hahitaji kula sana. Hilo si kweli, na sababu yake utaiona humu.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu unayo na namba yangu unayo. Mara tatu nimeishika simu nikakupigia, na kila ulipoitikia nimekuuliza habari za mihogo na bei ya ndizi, kisha nikakuaga. Ninayotaka kukuambia hayasemeki huku nikisikia pumzi zako upande wa pili. Miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu kwamba barua njema huanza kwa salamu, hueleza jambo kwa utaratibu, na haifichi kitu. Nakuomba uisome yote hadi jina langu, na usimwulize mtu yeyote neno kabla hujamaliza.

Habari ya kwanza ni ya binti yako Zuhura. Namshukuru Mungu kwamba plasta imeondolewa. Daktari aliniambia kwamba mfupa umeunga vizuri, ila vile vidole viwili vya mkono wa kulia vitachelewa kukunja, na huenda visikunje tena kama zamani. Najua maana ya hayo kwa fundi cherehani. Yeye mwenyewe alinichekesha siku ile mlipoondoka hospitali, akaniambia kwamba kuanzia sasa atashona nguo za vilema tu, kila nguo na mkono mmoja mfupi, na wateja wasiotaka wahamie kwa fundi mwingine. Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nilifunga mlango wa chumba.

Habari ya pili ni ya mwanao Twalibu. Najua hutaki kulisikia jina lake. Umemkataza kukanyaga uwanja wako, umeikataa shikamoo yake mbele ya watu pale sokoni, na umesema kwamba mtoto aliyeuvunja mkono wa dada yake kwa ajili ya mchezo wa kuruka si mtoto wako. Sikulaumu. Ulisema hivyo kwa sababu ya yale uliyoyasikia kwenye kikao cha ukoo, na uliyoyasikia pale uliyasikia kutoka kinywani mwangu.

Sasa niruhusu nirudi mwanzo, maana wewe ulikuwa shambani wakati mambo haya yalipopangwa, na ulielezwa nusu nusu.

Twalibu alipomaliza kuunda mbawa na kiwiliwili cha ndege yake kule Mlali, katika lile banda ambalo zamani tulihifadhi mpunga, alinijia hapa Bigwa na jambo moja tu lililobaki, nalo ni injini. Alinieleza kwa adabu, amekaa kwenye mkeka ingawa nilimpa kiti. Alisema kwamba ziko njia mbili. Njia ya kwanza ni kuagiza seti kutoka ng'ambo. Wapo watu huko ambao kazi yao ni kutengeneza injini ndogo za ndege za kuundwa nyumbani. Hukufungia sandukuni kila kitu, kuanzia pistoni na silinda hadi skrubu ya mwisho, vyote vipya, vyote vimepimwa pamoja, na kitabu cha maelekezo juu yake. Kazi yako ni kuunga. Njia ya pili ni kuokoteza. Unatafuta injini ya lile gari dogo la zamani lenye mgongo wa kobe, ambayo hupozwa kwa upepo kama injini ya pikipiki, unaifumua, unachukua kinachofaa hapa na kingine kule, unaunda yako.

Alisema kwamba moyo wake uko kwenye seti. Akiba yake ya miaka ya kutengeneza mashine za kusaga na pampu za kumwagilia ilikuwa karibu kutosha. Alichotaka kwangu ni idhini tu.

Wewe unajua kwamba baba yao, Mungu amrehemu, asingekuwa na neno katika jambo hilo hata angekuwa hai. Kwetu mtoto ni wa tumbo la mama yake, na mimi ndiye mjomba. Nilikataa. Nilimwambia kwamba sisi tulilelewa katika kujitegemea, kwamba mtu anayefungua sanduku na kuunga alichounda mwenzake hajatengeneza kitu, amekamilisha kazi ya mwingine. Nilimwuliza, ndege ikiruka juu ya mlima Lupanga, watu watasema imetengenezwa na Mluguru au imetengenezwa na sanduku? Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akaniambia kwamba yeye haogopi kuokoteza, ila injini ya gari ikizimika mtu hushuka akasukuma, na huko juu hakuna pa kushukia. Alisema pia kwamba chuma kina kumbukumbu. Kama kiliwahi kupata joto kupita kiasi au kupigwa, hakisahau, hata kikipakwa rangi. Nilimjibu kwamba hayo ni maneno ya wauza masanduku.

Mwanvita, niliyasema hayo mimi ambaye sijawahi kubadilisha hata plagi ya pikipiki. Lakini nilikwisha kuyasema mbele ya ukoo siku ya hitima ya shangazi, watu wakaitikia kwa vichwa, na nilipendezwa.

Basi tukaokoteza. Nakiri kwamba miezi ile ilikuwa mizuri. Twalibu alipata silinda mbili kwa fundi mmoja wa Ngerengere na nyingine mbili misheni, akazipima kwa kifaa chake mpaka akaridhika. Kabureta aliitoa kwenye pampu. Propela aliichonga mwenyewe kwa mti wa mkangazi, na Zuhura akaipiga msasa mpaka ukaweza kujiona uso. Kilichokosekana kilikuwa krenkshafti, ambayo mafundi huiita krenki, nami nimechoka kuwasahihisha. Ni kile chuma kizito kinachopita katikati ya injini, ambacho pistoni zote hukisukuma kizunguke, na propela hufungwa kwenye ncha yake. Hicho kikikatika, hakuna injini.

Hapo ndipo nilipojitolea. Nilikumbuka kwamba mtani wangu Ignas, yule Mnyamwezi wa Kihonda aliyewahi kukuchukulia jogoo siku ya msiba wa mama na ukashindwa hata kukasirika, alikuwa na gari la mgongo wa kobe limelala uani kwake, kuku wanatagia humo. Nilikwenda na Twalibu. Nilipofika sikuomba. Nilimwambia Ignas kwamba nimekuja kuchukua krenki, na kwamba mpagazi hana haki ya kumiliki chuma ambacho hawezi kukibeba kichwani mpaka Tabora. Aliangua kicheko akaita mkewe aje aone jinsi Waluguru wanavyoiba mchana. Alisema, “Nyie ndio watu pekee duniani mnaoanguka kutoka shambani kwenu milimani! Mmeona shamba halitoshi, sasa mnataka kuanguka kutoka mawinguni?” Watoto wa jirani walijaa ukutani. Twalibu alikuwa tayari amelala chini ya gari anafungua nati, na akicheka mpaka spana ikamponyoka.

Twalibu alipoichomoa krenki na kuipeleka kwenye taksi, nikabaki naagana na Ignas, mtani yule aliniinamia akasema, bado akicheka, kwamba nichukue tu, ila nijue kwamba krenki ile ilikwisha kufa siku nyingi, wakaifufua, na sasa inatembea kama bibi yangu mwenye mguu wa kuungwa. Nilimjibu kwamba bibi yangu mwenye mguu wa kuungwa aliwazika mababu wote wa Ignas. Tukapeana mikono, nikapanda taksi.

Unajua mambo ya utani. Mtani akikuambia nyumba yako inaungua, unamwuliza kama ameleta nyama ya kuchoma. Nami sikulifikiria neno lile hata mara moja njiani.

Wiki iliyofuata Twalibu alinipigia simu. Alikuwa ameiosha krenki kwa petroli, na karibu na ncha ya mbele aliona mstari mwembamba kama unywele. Alitaka kuipeleka Dar es Salaam kwa watu wenye mashine ya kupimia nyufa. Kabla ya hapo aliniuliza kama mtani alisema lolote kuhusu gari lile, kama liliwahi kukauka oili au kupinduka. Nilimjibu kwamba mtani hana neno. Nikaongeza kwamba mstari huo ni alama ya kiwandani, na kwamba tukianza kupeleka kila chuma Dar mwaka utakwisha na ukoo utatucheka. Kisha akasema, “Haya, mjomba. Kama wewe umesema.” Akaifunga injini.

Siku ya kuiungurumisha injini unaijua kwa kusimuliwa tu, kwa hiyo nitakusimulia nilivyoona. Injini ilifungwa juu ya jukwaa la magogo nje ya banda, mbali na ndege yenyewe, kwa kuwa Twalibu alisema lazima iungurume chini kwa siku nyingi kabla haijapewa mwili. Walikuja watu wa Mlali, wakubwa kwa wadogo. Alichora mstari kwa chokaa na kuwakataza kuuvuka. Zuhura alikuwa ndani ya mstari, ubavuni, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kusoma saa ya kupimia oili na kumwonyesha kaka yake kwa vidole. Mimi niliomba dua. Kisha nilichukua kiti changu nikakipeleka nyuma ya ukuta wa jiko, nikawaambia kwamba masikio yangu hayawezi kelele.

Iliwaka mara ya pili tu. Sijui nikuelezeje sauti ile. Majani ya migomba yote yalilala upande mmoja, watoto wakapiga kelele, na Twalibu akageuka kumtazama dada yake, na wote wawili walikuwa wanacheka bila kusikika. Akaongeza moto. Kisha pakasikika mlio mmoja mkavu, na propela ikaondoka na kipande cha chuma ilichofungiwa. Haikuwagusa watu wa nje ya mstari. Ilipasuka kwenye mti wa jukwaa, na ubao mmoja ukampata Zuhura mkononi.

Siku saba baadaye kikao cha ukoo kilikaa kwangu. Ulikuwapo, umekaa karibu na mlango na khanga umejifunika mpaka machoni. Wazee walimwuliza Twalibu kilichotokea. Alisimama akasema kwamba kosa ni lake, kwamba alizikaza vibaya nati za propela kwa haraka ya kutaka kuonekana. Hakuna aliyejua zaidi yake, hivyo hakuna aliyembishia. Nami, kwa nafasi yangu, nilitoa hukumu. Nilisema kwamba ameudhalilisha ukoo, kwamba haraka ni kosa la mtu asiyeheshimu maisha ya watu, kwamba mbawa zivunjwe na banda lirudi kuwa la mpunga, na kwamba asiguse injini ya aina hiyo tena. Nilizungumza kwa ufasaha. Watu walinisifu. Wewe ulilia, kisha ukanyanyuka ukasema yale maneno yako, ukaondoka bila kupokea mkono wake.

Mwanvita, sasa nafika nilipopaogopa.

Siku mbili kabla ya injini kuunguruma, Ignas alikuja hapa Bigwa peke yake. Wifi yako alikuwa kisimani. Nilipomwona langoni nilimpigia kelele kama kawaida, nikamwuliza ameleta mzigo wa nani. Nilimkaribisha chai akakataa, na katika miaka yote ya kujuana kwetu hajawahi kukataa chai yangu. Huichukua na kikombe. Alikaa, akaweka kofia magotini, akasema, “Mzee Abeid, utani kando.” Alinieleza kwamba gari lile lilikauka oili katika kupanda milima ya Iringa, krenki ikakatika ncha, na yeye akaichomelea na kuisaga mpaka ikang'aa, kwa kuwa alitaka tu lifike nyumbani. Tangu hapo hajaliendesha. Alisema kwamba aliponiambia uani alidhani nimeelewa, lakini usiku amekuwa akiiona ndege ndotoni. Aliniomba nimwambie kijana.

Nilimwahidi kwamba nitamwambia.

Sikumwambia. Nisingeweza kusema kwamba nilisahau, kwa maana sikulala. Nilijua kwamba nikimwambia ataifumua injini, na akiifumua atauliza krenki nyingine itatoka wapi, na jibu litakuwa seti. Ukoo mzima ungejua kwamba yule kijana aliyekaa mkekani alikuwa sahihi, na mimi niliyekaa kitini sikuwa. Nikajiambia kwamba itaunguruma kidogo tu, chini, na kwamba kilichochomelewa vizuri hushika. Nikajiambia pia kwamba huenda Ignas ananitania kwa namna mpya. Hilo la mwisho sikuliamini hata nilipokuwa nikilisema.

Na kiti changu sikukipeleka nyuma ya ukuta wa jiko kwa sababu ya masikio. Masikio yangu ni mazima. Nilijificha nikamwacha binti yako mbele.

Ungeweza kuniuliza kwa nini nimesema leo, baada ya kuuficha ukweli kikao kizima. Juzi Twalibu alikuja. Hajawahi kuacha kuja. Kila Jumatatu huniletea mkaa. Safari hii aliweka gunia chini, akatoa kitu kilichofungwa kwa khanga kuukuu, akakiweka mezani. Nilikifungua. Kilikuwa kile kipande cha krenki chenye ncha iliyokatika. Hata mimi nisiyejua kitu niliona: nusu ya mkato ule ni chuma cheupe kinachong'aa, na nusu ni cheusi chenye matundu kama mkate, mahali pa kuchomelea. Nati za propela zilikuwa bado zimekaza, zote, hakuna iliyolegea.

Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu siku ya ajali alikuwa amekificha, na kwamba alikwenda kwa Ignas, akaelezwa yote. Alielezwa kabla ya kikao, Mwanvita. Alisimama mbele yetu akijua. Nilimwuliza kwa nini. Alisema kwamba mjomba havuliwi nguo mbele ya ukoo, na kwamba mama yake atampenda tena siku moja, lakini mimi nikianguka sina muda wa kuinuka. Kisha akasema, “Kaa nacho wewe, mjomba. Mama asije akakiona.”

Nilimwuliza neno moja tu la kijinga, kama sasa anaona kwamba seti ingekuwa bora. Alifikiri kama anavyofikiri siku zote, kisha akasema kwamba kuokoteza hakukuwa kosa. Ndani ya seti mtu hanunui chuma kitupu, hununua na neno la aliyekipima. Anayeokoteza chuma lazima aokoteze na maneno ya waliokitumia, na kila neno liwe la kweli. Alisema hivyo bila kunitazama, ili asinipige nalo. Akachukua gunia tupu akaondoka.

Basi nimeandika. Mwanao hakulegeza nati yoyote. Nati aliyopewa na mjomba wake ndiyo iliyokuwa mbovu, nayo ni neno langu kwamba mtani hana neno. Mkono wa Zuhura umevunjwa na mimi. Ijumaa baada ya sala wazee watakutana hapa tena, nimekwisha kuwaita, nami nitayasema haya yote nimesimama, na Ignas atakuwapo. Hukumu niliyoitoa nitaifuta kwa kinywa kilekile. Baada ya hapo ukoo ukitaka kumpa mwingine nafasi yangu ya ujomba, sitabisha. Twalibu hajui kwamba nimewaita. Angenizuia.

Simtumii Zuhura salamu kwenye karatasi. Nitakuja Jumapili nimwombe radhi mwenyewe, na akinifukuza nitakaa barabarani mpaka anifukuze mara ya pili. Wape salamu majirani wa Mkuyuni, na umwambie mwalimu wa madrasa kwamba kitabu chake ninacho. Goti lako lisugue kwa mafuta ya nyonyo kila asubuhi kabla ya kwenda shamba.

Neno langu la mwisho ni hili. Barua hii na kifurushi nilichokifunga kwa khanga nyingine, chenye kile kipande cha krenki, amevileta Twalibu. Nilimwambia kwamba ni dawa ya goti na salamu, na kwa kuwa umemkataza uwanja wako, nilimwelekeza ampe Zuhura langoni, kisha asubiri majibu kwenye benchi la fundi baiskeli, ng'ambo ya barabara. Atakuwa amekaa hapo sasa hivi, ameinamisha kichwa ili usimwone ukitoka nje.

Toka nje, Mwanvita. Mwite kwa jina lake, kwa sauti, watu wa sokoni wasikie.

Mimi kaka yako, ambaye hakustahili kumhukumu mtu,

Abeid Pazi